Mifano ya Mwalimu Jovithe

Nawadharau wanaume wengi hapa Bujumbura, na nina sababu zangu, lakini wa kwanza kabisa ni yule anayeweza kukupenda kwa lugha moja tu. Na mimi Ruqaya binti Majid, ninayejifanya mjuzi wa watu, nikaangukia kwa huyo huyo. Wala sikumtafuta. Baba alimleta mwenyewe mpaka sebuleni, akamkalisha kwenye kiti kizuri na kumfungulia Fanta.

Nianze na yule mwingine nimalize haraka, maana hata kumtaja kunanichosha. Haitham ni mtoto wa binamu yake baba, amekulia Uingereza. Mama yake alipopiga simu kuniposa alisema, "Binti ni mzuri, picha tumeziona. Lakini Haitham anataka mke anayesema Kiingereza. Hicho Kifaransa chake huku hakina mahali pa kuwekwa." Ebo! Mimi nina diploma ya Kifaransa. Kirundi nagombana nacho na wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, mpaka wanapunguza bei. Kiswahili ndicho nilichozaliwa nacho. Leo naambiwa sina lugha!

Baba hakukasirika. Baba ana duka la vitambaa kule Jabe tangu zamani, na mfanyabiashara hakasiriki mteja akitaja kasoro, anaitengeneza. Akasema, "Tutamutafutia mwalimu." Wakakubaliana kwamba nikishajua, Haitham atapiga simu ya video Ijumaa moja baada ya sala anisikie mwenyewe, na siku hiyo hiyo baba atatoa jibu la posa. Ati anisikie! Hata redio hujaribiwa kwa adabu zaidi.

Ndipo Jovithe akaja. Alikuwa amemaliza chuo kikuu, anakaa chumba cha kupanga Mutanga Sud, anapanda kwa miguu mpaka kwetu Mutanga Nord na vumbi kwenye viatu. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu, akaigusa meza, akasema kwa Kiingereza kwamba hii ni meza. Akagusa kiti, akasema hiki ni kiti. Nikamwangalia tu.

"Prof," nikamwambia, "mi najua kama hii ni meza. Niliipanguza asubuhi."

Akacheka. Nilikuwa nimetaka aone haya, na yeye akacheka mpaka akashika kifua. Nikamchukia kwa kile kicheko jioni nzima, na kesho yake nikajikuta nakisubiri.

Sasa, kwetu mwalimu mwanaume hawezi kukaa na binti peke yao, hata akifundisha hesabu. Mlango ulibaki wazi, na kwenye kona aliwekwa shangazi yangu Thuwaiba. Huyo ni dada mkubwa wa baba, mjane, ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Alikaa kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani. Akimaliza kuchagua mchele anavuta tasbihi yake, midomo inacheza, macho nusu yamefumba. Baba alikuwa ameridhika kabisa. Aliona amepata mlinzi asiye na gharama, tena asiyeweza hata kuiba somo. "Thuwaiba Kifaransa chenyewe kilimushinda," alisema, "Kiingereza atakisikia na nini?"

Na sisi tukaona vile vile. Wajinga sisi.

Kujifunza vitenzi kunahitaji mifano, si kweli? Mwanzoni mifano ya Jovithe ilikuwa ya kitabuni, mara mkulima analima, mara mama anaenda sokoni. Nilijibu nikipiga miayo. Siku moja nilivaa ushungi wa kijani, na mwanamke wa kwenye mfano akaamka amevaa ushungi wa kijani. Nikanyanyua kichwa. Jovithe alikuwa anaangalia dirishani kama mtu asiyehusika. Siku iliyofuata mwalimu fulani alikuwa anapanda kilima. Kwa nini anapanda? Kwa sababu kuna mtu anataka kumuona. Je, amechoka? Hajachoka. Alichoka jana, lakini leo hajachoka.

"Your turn," akasema. Zamu yako.

Nami nikatoa mfano wangu. Msichana anasubiri. Msichana amekuwa akisubiri tangu asubuhi.

Shangazi akatupa jiwe dogo nje ya ungo, tik, akaendelea.

Tuliendelea hivyo. Tulipofika kwenye maneno yanayozaa maneno, yaani unaongeza kipande mbele au nyuma na neno linabadilika, alinipa furaha, mwenye furaha, asiye na furaha, akaniuliza mimi ni lipi. Tulipofika kwenye wakati ujao, Mtume! Mwalimu atazungumza na baba wa msichana. Mwalimu ataenda kwa imamu, atasilimu. Mwalimu atamuoa. Yote hayo kwa sauti ya darasani, na kidole kinaonyesha kitabu. Kwa Kiswahili hakuwahi kuniambia hata neno moja la namna hiyo. Kwa Kiswahili alisema, "Tufungue ukurasa unaofuata," na "Asante kwa chai." Niliona ni ujanja wa mapenzi. Nilimpenda, nasema wazi. Nilimpenda kiasi cha kuanza kuipanguza ile meza mara mbili.

Basi ile Ijumaa ikafika. Baba alikuwa msikitini. Jovithe alikuja mapema amevaa koti ambalo sikuwahi kuliona, limembana mabegani, la kuazima bila shaka. Nikafurahi. Mtu haazimi koti kwa ajili ya vitenzi.

Nikamuuliza kwa Kiingereza, "Leo mwalimu atazungumza na baba wa msichana?"

"Atazungumza," akajibu, kwa Kiingereza hicho hicho. "Ameshaamua."

"Baba atakataa."

Akalivuta lile koti mabegani.

"Nisikilize," nikasema, nikijifanya nasoma. "Baba yangu hakubali neno la kwanza. Dukani mtu akilipa bei ya kwanza baba anamdharau mpaka jioni. Akikukatalia, hiyo ni bei ya kuanzia. We kaa. Mwambie tena. Ukikaa, nami nitasema. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Huogopi?"

"Mwalimu haogopi," akasema, na akatabasamu lile tabasamu lake. Lo! Nilikuwa tayari kumfuata mpaka Mutanga Sud kwa miguu, na lile vumbi lote.

Kwenye kona shangazi alivuta shanga moja ya tasbihi, midomo ikicheza.

Baba akaingia, kanzu nyeupe, anatoa harufu ya udi. Akasalimia, akaketi, akaweka simu mezani kwa ajili ya Haitham. Kisha akamgeukia Jovithe, na mimi niliyezaliwa na mfanyabiashara nikajua kwa ile sauti yake ya upole kwamba soko limefunguliwa.

"Prof, umefanya kazi nzuri. Mutoto anasema Kiingereza mpaka na paka."

"Asante, muzee."

"Lakini mi niko na macho. Unapanda kilima na mvua, unapanda na jua. Siku ingine hata si siku ya somo, unasema umesahau kalamu." Akasogeza simu kando. "Kama uko na neno juu ya binti yangu, sema leo. Mi nasikiliza. Na kama hauna neno, vilevile useme, juu niko na nafasi ya kazi. Mizigo yangu ya Dubai, barua zote ni Kiingereza, na mi sielewi kitu. Nataka mutu wa kunifasiria. Biro iko, ofisi nzima, feni iko, kiti cha kuzunguka kiko."

Sema, nikamwambia kimoyomoyo. Amekufungulia mlango mwenyewe, sema, mwanaume wewe!

Jovithe aliangalia koti lake. Akaangalia simu. Akaangalia kila kitu isipokuwa mimi.

"Muzee," akasema, "Ruqaya ni mwanafunzi wangu. Mi namuheshimu kama dada."

"Kama dada?"

"Ego, ndiyo, muzee. Kama dada kabisa."

"Basi hauna neno."

"Sina neno." Halafu, haki ya Mungu, hakungoja hata pumzi moja, akauliza, "Hiyo kazi ingeanza lini?"

Jamani! Hakutukanwa. Hakutishwa. Hakuna aliyemwonyesha hata kidole. Mwanaume aliwekewa mbele yake mimi na kiti cha kuzunguka, akachukua kiti kwa bei ya kwanza, bila kuomba hata muda wa kufikiri.

"Na yale yote uliyosema?" nikamuuliza kwa Kiingereza. Sauti yangu haikutetemeka, namshukuru Mungu. "Ataongea, atasilimu, ataoa?"

Akanijibu kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayemfukuza nzi, "Ilikuwa mifano. Mifano tu."

"Mnasema nini?" baba akauliza.

"Anarudia somo, muzee," akasema Jovithe.

Kwenye kona, mkono wa shangazi ulisimama juu ya mchele.

Ningependa kusema nilizimia, au nilikimbilia chumbani, kama wanavyofanya wasichana wenye malezi laini. Sikupata nafasi. Simu ikalia, na Haitham akajaa kwenye kioo. Uso mpana, ndevu zimechongwa kwa rula. Pembeni yake yalionekana mabangili ya mama yake yakipangusa kioo.

"Kaa hapo hapo, Prof," baba akanong'ona. "Usikilize anavyojibu, utaniambia."

Haitham alinisalimia kwa Kiingereza polepole, akitenganisha kila neno, unavyomsemesha mtu aliyetoka hospitali. Akaniuliza naitwa nani. Ati naitwa nani! Mtu anayetaka kunioa! Akaniuliza napenda kupika nini. Akaniuliza nitafanya nini kutwa nzima yeye akiwa kazini. Nikajibu hili na lile, vizuri, bila kosa, na kila nilivyojibu aliitikia kwa kichwa akimgeukia mama yake, na bangili zikalia kwa furaha. Baba alikuwa anatabasamu. Hakuelewa hata neno, lakini alielewa bidhaa inapopendwa.

"Mwisho," akasema Haitham, "sema chochote unachotaka. Jieleze."

Sawa, nikasema moyoni. Mmetaka Kiingereza, chukueni.

"Nilimpenda mwanaume mmoja," nikasema kwa Kiingereza, taratibu, kila kitenzi mahali pake. "Ndiye aliyenifundisha maneno haya. Aliniahidi kwamba leo atamwambia baba yangu. Leo baba amemuuliza, na yeye ameniuza kwa kiti. Yupo hapa, anaangalia viatu vyake. Simtaki tena. Na wewe, Haitham, sijawahi kukutaka. Umenipima kama redio. Sitaolewa na wewe, leo wala kesho. Msalimie mama."

Tabasamu la Haitham lilibaki pale pale usoni, halina mwenyewe. Akasema, "Okay," akasema tena, "Okay," na kioo kikawa cheusi.

"Mbona amekata?" baba akauliza. "Alikuwa anacheka vizuri. Prof, mutoto amesema nini?"

Nikamgeukia Jovithe. Na hapa mniamini au msiniamini, bado palikuwa na kipande cha moyo wangu, kidogo, kijinga, kilichokuwa kinamngoja. Nilifikiri amesikia nilivyomsema, ataumia, ataona aibu, aibu itamfanya mwanaume. Alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Akafungua mdomo.

"Amesema... anashukuru sana, muzee. Anashukuru familia. Amekuwa na haya kidogo. Ni rezo tu, mtandao umekatika."

"Alhamdulillahi," akasema baba.

"No," ikasema sauti kutoka kwenye kona. "She did not say that."

Tukageuka wote. Shangazi Thuwaiba alikuwa ameweka ungo chini.

Baba alitazama dari, akatazama simu, akamtazama dada yake. "We Thuwaiba. Ni we umesema hivyo?"

"Ni mimi. Mutoto hakusema anashukuru. Amesema alimpenda mwanaume, ni huyu hapa. Amesema huyu alimuahidi, na leo amemuuza kwa kiti. Amesema hamtaki tena. Na huyo Haitham, mutoto amesema hamtaki vilevile, hakuwahi kumtaka, juu Haitham amempima kama redio. Halafu akasema asalimiwe mama. Hiyo ya mwisho ilikuwa adabu."

"Kiingereza ulifundishwa na nani?"

"Na huyu huyu! Si mulinikalisha hapa nisikilize? Mchele huchaguliwa na macho, masikio yanakaa bule." Akanyanyua tasbihi. "Namaliza uradi wangu kwanza, Mungu ni shahidi. Shanga zinazobaki ni za vitenzi. Go, went, gone. Come, came, come."

Mtume! Miezi yote ile ya midomo kucheza! Nilihisi uso unawaka mpaka shingoni. Mwalimu anapanda kilima, msichana anasubiri, vyote alivisikia. Alisikia hata ule mfano wa ushungi wa kijani.

"Na haukuniambia?" baba akauliza, na sasa sauti ilikuwa ya baba, si ya dukani.

"Nikuambie nini? Kila siku anasema atakuja kwako. Nikasema moyoni, wacha aje, mutu anayekuja mlangoni hafukuzwi na mwanamke wa ndani. Nilikuwa namungojea kama mutoto wako alivyomungojea." Akamgeukia Jovithe, na shangazi yangu huyo anayewapa paka maziwa kabla hajanywa chai yake alimtazama kama kitu kilichokutwa kwenye mchele. "Watu husema kwa mwoga huenda kicheko. We nenda nacho kicheko chako, mwanangu. Utacheka peke yako."

Nilingoja baba apige kelele. Alipiga vidole mezani, halafu akasema polepole, kama anayepiga hesabu iliyokwisha kuharibika.

"Kazi niliyokupa ni ya kunifasiria, na ya kwanza tu umenidanganya. Hiyo kazi haiko tena. Lakini si hiyo inaniuma." Akamnyooshea kidole. "Ungesema leo unamtaka, ningekataa. Kabisa. Ningekufukuza. Ungerudi kesho, ningekufukuza. Ungerudi tena, ningekuuliza mama yako ni nani, na kama uko tayari kwenda kwa imamu. Mi mwenyewe babu yake Ruqaya, baba wa mama yake, alinifukuza mpaka watoto wa mtaa wakanijua jina. Hivyo ndivyo tunavyooa sisi. We hata mara moja haukufukuzwa."

Sikulijua hilo. Nilikuwa nimelibahatisha tu nilipomwambia Jovithe akae, nikidhani najua soko. Kumbe mlango ulikuwa wazi kweli, mpana, na baba yangu amesimama pembeni yake anangoja mtu apige hodi. Hapo ndipo maumivu yaliponipata, hapo hasa, na si kabla.

Jovithe naye alikuwa amesikia. Akasimama. Lile koti likambana, akalivuta. Machozi yalikuwa yamemjaa, na sijui kama yalikuwa ya kunipoteza mimi au kupoteza kazi, naye sidhani alijua.

"Ruqaya," akasema. Kwa Kiswahili. Mbele ya baba, mbele ya shangazi, mlango ukiwa wazi. "Mi nakupenda. Nisamehe. Nakupenda kweli."

Ndiyo mara ya kwanza niliyasikia maneno hayo kwa lugha yangu. Ningedanganya nikisema hayakunigusa. Ulimi ukaanza wenyewe kutengeneza jibu ambalo nilikuwa nimelitunza tangu siku ya ushungi wa kijani. Nikalimeza. Nikamwangalia kuanzia kwenye viatu vyenye vumbi mpaka kwenye lile koti la watu, bila haraka.

"Mfano mzuri, Prof," nikamwambia. "Somo limekwisha."

Alisimama kidogo, akangoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akatoka kwa mlango ule ule uliokuwa wazi siku zote, na sikwenda dirishani kumtazama akishuka kilima.

Baba alichukua simu, akaenda uani kumpigia mama yake Haitham. Nilimsikia anasema, "Apana, mama, si rezo."

Nikakaa mkekani karibu na shangazi, nikavuta ungo mapajani mwangu nianze kuchagua, nifanye kazi yoyote. Mchele wote ulikuwa ukungu. Shangazi hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia nitapata mwingine. Alinipangusa uso kwa upindo wa kanga yake, akanichukulia ungo, na akaendelea pale nilipoacha.